Samaki Naye Ahitaji Stara

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya upili ambayo sitaitaja jina, alinialika muhula uliopita nikazungumze na watahiniwa wake kuhusu karatasi ya fasihi. Kabla ya kuingia ukumbini alinipitisha ofisini mwake ili anionyeshe fahari yake mpya: tangi kubwa la kioo, maji yake maangavu kama machozi, changarawe nyeupe imetandazwa sawasawa, na taa ya umeme ikiwaka juu yake mchana kutwa. Ndani hamkuwa na kitu kingine. Hamkuwa na jiwe, hamkuwa na mmea, hamkuwa hata na kigae. Samaki tisa walikuwa wamesongamana katika pembe moja nyuma ya bomba la kichujio, kila mmoja akijitahidi kumtanguliza mwenzake mbele. Rangi zilikuwa zimewapauka. "Daktari," akaniuliza mwenyeji wangu kwa masikitiko, "mbona samaki wangu hawaogelei? Nilikiondoa kila kitu ambacho kingewazuia wageni kuwaona, na sasa ndio hawaonekani kabisa."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na soni ndani yake. Kosa hilo hilo nilikuwa nimelitenda nyumbani kwangu miaka mitatu kabla, na aliyelilipia hakuwa mimi.

Binti yangu alikuwa amefanya vyema katika masomo yake, akaniomba zawadi ya samaki. Nilimwendea fundi wa vioo, akaniundia tangi la urefu wa sentimita 90, upana wa 40 na kimo cha 45, ambalo likijaa huchukua lita zipatazo 160. Tukanunua samaki wanane wa jamii ya mbuna, wa manjano na wa buluu, ambao asili yao ni Ziwa Nyasa. Neno lenyewe, mbuna, ni la Kitonga cha Malawi, na maana yake ni samaki wa miambani. Leo linatamkwa na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ujerumani na Marekani bila kutafsiriwa, nami nikiwa mwanaisimu sikosi kufurahi nionapo neno la Kibantu likisafiri duniani pasipo viza. Lau ningalilitegea sikio neno hilo, lingalinifunza yote niliyohitaji kujua, kwani lilikuwa likinieleza waziwazi kwamba viumbe hawa ni wakaazi wa miamba. Sikulitegea. Nilitaka kuwaona, basi nikawaweka palipo peupe.

Mwezi haukwisha kabla dume mmoja wa buluu hajajitwalia tangi zima. Wakati huo jike mmoja wa manjano alikuwa ameatamia mayai kinywani. Hiyo ndiyo desturi ya mbuna: jike huyakusanya mayai mdomoni mara tu ayatagapo, akayalinda humo kwa majuma matatu hivi, na katika muda huo aidha hali kabisa au hula kidogo mno. Jike aliye katika hali hiyo haja yake kubwa si chakula bali ni mahali pa kukaa asisumbuliwe. Wetu hakuwa napo. Alikimbizwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kila alipogeuka alikumbana na kioo. Binti yangu ndiye aliyekuja kuniamsha alfajiri moja. "Baba," akasema, "huyu mama hakuwa na pa kwenda." Nilimkuta akielea kwa ubavu, mapezi yamechanika kama bendera kuukuu, na mayai machache ya rangi ya machungwa yametawanyika juu ya changarawe. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada tatu na sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi wa mapango. Nimevunja vyungu, nimekata vifuu, nimepanga mawe na kuyapangua, na nimejifunza kwa gharama ya samaki wengine kadhaa mambo ambayo ningependa msomaji ayapate bila gharama hiyo. Lakini kabla ya kuingia katika ufundi huo, niruhusiwe kusimama kidogo kwenye uwanja wangu wa kawaida, yaani maneno.

Wengi husema samaki "anajificha". Sipingi sarufi ya usemi huo, ila ninaushuku kwa yale unayoyadokeza. Ajifichaye katika Kiswahili aghalabu ni mkosaji, mwoga, au mdeni amwonaye mdai wake akija. Tukimtazama samaki kwa jicho la kitenzi hicho, tutamwona kuwa ana kasoro ya kurekebishwa, na dawa tutakayoifikiria ni ile ya rafiki yangu mwalimu mkuu: kumwondolea maficho ili azoee. Lakini lugha yetu inalo neno jingine, lililotujia kutoka Kiarabu na likakaa hata likawa mwenyeji, nalo ni stara. Mwenye kujisitiri hajatenda kosa lolote. Nguo ni stara, nyumba ni stara, hata kimya chaweza kuwa stara. Hakuna amwulizaye mtu kwa nini ana mlango. Naam, kile samaki akitafutacho chini ya jiwe ni stara.

Kuna na jambo la pili ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu watalitambua. Kitenzi "ficha" kikitiwa kiambishi cha kutendua huwa "fichua", kama vile "funga" inavyozaa "fungua" na "ziba" inavyozaa "zibua". Mzizi ni mmoja. Nimewahi kuufundisha mfano huu ubaoni kwa miaka mingi bila kudhani kwamba samaki wangu wangekuja kuuthibitisha. Kila mfugaji mzoefu atakwambia ajabu hii: kadiri unavyoongeza mapango ndani ya tangi, ndivyo samaki wanavyozidi kuonekana. Samaki ajuaye kwamba pango lake liko umbali wa mapigo mawili ya mkia huthubutu kuogelea katikati, hula mbele yako, humtongoza jike, hukuza rangi zake zote. Asiye na pango hukaa pembeni akitetemeka, na huko kutetemeka ndiko kumfichako. Maficho humfichua.

Sababu zake si muujiza. Samaki wengi hawana kope. Hawawezi kufumba macho, kwa hivyo giza la kupumzikia sharti walipate nje ya miili yao. Wanasayansi nao wameonyesha kuwa samaki aonewaye na wenzake huwa na kiwango kikubwa cha homoni ya kotisoli katika damu, na hali hiyo ikiendelea kinga yake ya mwili hudhoofika, hukosa hamu ya kula, na magonjwa ambayo angeyashinda humshinda yeye. Mwenye duka atakuuzia dawa ya vidonda vya mapezi. Huenda ulichohitaji ni chungu cha shilingi chache.

Pengine tusijilaumu mno, kwani chombo chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya jicho la mtazamaji. Mnamo mwaka wa 1832 Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Sisilia, aliunda matangi ya kioo ili amchunguze argonauti, jamaa wa pweza aishiye ndani ya kombe jembamba. Mwaka wa 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wawezavyo kutunzana katika chombo kimoja bila maji kuvunda. Bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki mwaka wa 1853, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikalieneza neno "aquarium" kila mahali. Katika Kilatini cha kale neno hilo lilimaanisha mahali pa kunyweshea ng'ombe. Kumbe hata jina halikuwa la samaki!

Tuwarudie samaki makwao, maana pango la nyumbani ni mwigo tu wa yale waliyoyazoea ziwani. Hakuna mahali pa kujifunza mwigo huo kuliko maziwa yetu wenyewe ya Afrika Mashariki. Katika Ziwa Tanganyika mna samaki wadogo ambao nyumba zao ni makombe matupu ya konokono. Mmojawapo, aitwaye kitaalamu Lamprologus callipterus, ana dume ambaye huyabeba makombe kwa kinywa, moja moja, akayakusanya mahali pamoja kama mjenzi apangaye vyumba vya kukodisha, kisha majike huja wakaingia humo kutaga. Dume huyo huweza kumzidi jike wake uzito zaidi ya mara 12, kwa sababu yeye hana budi kuwa na nguvu za kubeba kombe, na jike hana budi kuwa mdogo wa kutosha kuingia ndani yake. Yaani nyumba ndiyo iliyowapimia miili. Hapa mtani wangu mmoja wa idara ya fasihi hupenda kunikumbusha kuwa Kiswahili kinalo "pango" la mwambani na "pango" la kodi ya nyumba. Ni maneno mawili tofauti yaliyogongana kwa sauti, nami humwambia hivyo kila mara, lakini wapangaji wa Ziwa Tanganyika huufanya ubishi wangu uonekane dhaifu.

Wazee wetu wa Pwani waliyajua haya bila maabara. Babu yangu alikuwa mvuvi wa madema, au malema kama wasemavyo watu wa kaskazini, na aliwajua samaki kwa nyumba zao: chewa katika pango la matumbawe, mkunga katika ufa, pweza katika shimo ambalo mlangoni pake huacha mabaki ya chakula chake. "Mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "bahari si maji. Bahari ni mashimo." Nilidhani ananifanyia mzaha.

Mfano ulio mkubwa zaidi, na wenye uchungu zaidi, ni wa Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliingizwa humo samaki wageni, mbuta, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita sangara. Kwa muda hawakuonekana kuwa na athari kubwa. Kisha, kufikia miaka ya 1980, walijaa ziwa. Wale samaki wadogo wa kienyeji, ambao Waluo huwaita fulu, Waganda nkejje na Watanzania furu, walikuwa wa spishi zipatazo 500, nyingi zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Wataalamu hukadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Mbuta hakuwa sababu ya pekee, kwani maji yenyewe yaliingiwa na uchafu na kupungukiwa na hewa, lakini meno yalikuwa yake. Msomaji atakaye kujua zaidi akitafute kitabu cha Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyekuwa akifanya utafiti huko Mwanza wakati msiba ulipokuwa ukitokea mbele ya macho yake.

Ni akina nani walionusurika? Walioangamia zaidi ni wale wa maji ya wazi na wa kina. Wale wa ufuo wa mawe, wenye nyufa na mianya ambamo mbuta hawezi kupenya, walisalimika kwa wingi kuliko wenzao. Karibu na Ziwa Nabugabo, huko Uganda, watafiti waligundua katika miaka ya 1990 kwamba matete na mafunjo ya kinamasi yaliwasitiri samaki wawezao kustahimili maji yenye oksijeni haba, ambayo mbuta hawezi kuyavumilia. Na hapa kwetu, katika Kaunti ya Siaya, kuna Ziwa Kanyaboli, kiziwa kilichotengwa na ziwa kuu na kinamasi cha Yala. Humo bado yumo ngege, yule ambaye Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka wa 1928 na ambaye zamani ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Ziwa Viktoria, kabla hajakaribia kutoweka humo. Kinamasi ambacho mpangaji wa maendeleo hukiona kuwa ardhi iliyopotea, kwa ngege ndicho mlango uliofungwa kwa ndani.

Sasa tuingie jikoni, maana kazi yenyewe ni ya jikoni.

Anza na kifuu, kwa kuwa ndicho rahisi. Nazi ipasuliwapo katikati ili ikunwe kwa mbuzi, hukuachia vifuu viwili. Kwangua makumbi yote ya nje na nyama yote ya ndani. Kisha kwa msumeno wa chuma kata mlango ukingoni, uoshe, ukifudikize chini ya tangi. Lakini ukichemshe kwanza. Mimi sikukichemsha. Niliona nazi ni chakula, na chakula hakiwezi kuwa sumu. Siku ya pili maji yalikuwa kama chai ya rangi, siku ya nne yalinuka, utando mweupe ukatanda juu ya kifuu, na nikapoteza samaki wawili. Ile rangi ya chai peke yake haina madhara makubwa, kwani mito mingi ya misituni ina maji ya namna hiyo na samaki wake wanastawi. Kilichoua ni mabaki ya nyama yaliyooza, yakala oksijeni na kutoa amonia. Siku hizi nakichemsha mara tatu, kila mara kwa maji mapya, hadi maji ya mwisho yabaki meupe.

Chungu cha kupandia maua, cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ni pango lililokaribia kukamilika. Kilaze kwa ubavu, ukizike nusu katika mchanga, basi. Kikiwa kikubwa, kiloweke usiku kucha kisha ukigonge taratibu kwa ncha ya msumari hadi upate mlango uutakao, na kingo zote uzipitie kwa msasa mpaka kidole chako kisihisi ukali, kwa kuwa ngozi ya samaki ni laini kuliko kidole. Tahadhari na lile tundu dogo la kutolea maji kitakoni. Samaki huliona kuwa mlango, akaingiza kichwa na kukwama. Ama ulizibe au ulipanue. Usichukue chungu kilichowahi kutiwa mbolea au dawa ya wadudu, hata ukikiosha mara saba, kwa sababu udongo hunywa.

Mawe yana siri zao. Dondosha matone ya siki juu ya jiwe kavu, ukatazame. Likitoa povu, lina chokaa, na litayafanya maji kuwa magumu na ya alkali. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika hilo si baya, kwani Tanganyika yenyewe ina pH inayokaribia 9, lakini kwa samaki wa maji laini ni mateso. Mawe meusi ya volkeno, ambayo Bonde la Ufa limetujalia kwa wingi, hayana tatizo hilo. Yasugue kwa brashi, uyamwagie maji ya moto, lakini usiyachemshe motoni, maana jiwe lililonywa maji laweza kupasuka kwa kishindo. Matumbawe ya baharini tuyaache baharini. Pango la samaki wangu halifai kujengwa kwa kulibomoa la samaki mwingine.

Katika kuyapanga, nilisaidiwa na mafiga. Wahenga waliposema jifya moja haliinjiki chungu, walikuwa wakifundisha uhandisi: mawe matatu yaliyosimama, na jiwe bapa juu yake, hayayumbi. Ila yawekwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Wengi humwaga mchanga kwanza kisha wakapanga mawe juu, na mbuna, ambao ni wachimbaji wasiochoka, hufukua usiku hadi mwamba ukawaangukia wao au ukapasua kioo. Lita 160 za maji katika sebule ni mafuriko, na Nairobi haina haja ya mafuriko mengine. Ukitaka kuyaunganisha mawe, tumia gundi ya silikoni tupu. Nilipokuwa nikiinunua, fundi wangu alinishika mkono. "Mwalimu, hiyo ni ya bafu, ina dawa ya kuua ukungu. Itakuulia na samaki." Ile iliyo salama hunuka siki inapokauka, ingoje siku mbili au zaidi, hadi harufu iishe kabisa, ndipo uisuuze.

Vipande vya mabomba ya plastiki ni vibaya kwa sura lakini kambare huvipenda kuliko vyote. Saruji inahitaji kulowekwa kwa majuma kadhaa, maji yakibadilishwa, ili chokaa yake itoke. Vitu vya shaba usivikaribishe hata kidogo. Ama zile ngome za plastiki na mafuvu ya vichwa yanayouzwa madukani kwa bei ya kiatu, sina la kusema ila kwamba sijaona ziwa lenye fuvu.

Jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulitambua ni la milango. Pango la kawaida liwe na milango miwili, kwa maana lenye mmoja tu ni mtego: anyonge akikimbilia humo, mbabe husimama mlangoni, na pale palipokuwa stara pakawa jela. Isipokuwa pango la kutagia; hilo hutakiwa kuwa na mlango mmoja, mwembamba, ambao mwenyewe hupenya kwa kujibana na mkubwa wake hawezi. Mapango yawe mengi kuliko samaki, na yapangwe ili samaki aliye upande mmoja asimwone wa upande wa pili. Ugomvi mwingi wa tangini huanza kwa kuonana.

Wapo wasiokubaliana nami, na hoja zao zina uzito. Wafugaji wa biashara hupendelea tangi tupu kwa sababu ya usafi, na ni kweli kwamba uchafu na chakula kilichobaki hujikusanya ndani ya mapango mahali ambapo jicho halifiki. Mgonjwa aliyetengwa pia ni rahisi kumtibu katika tangi lisilo na vitu. Lakini hata hao, nilipowatembelea, nilikuta wameweka kipande cha bomba katika kila tangi la wagonjwa. Kuhusu uchafu, mpira wa kunyonyea maji na nusu saa ya Jumamosi hutosha.

Walimu wenzangu wataniwia radhi nikitoka nje ya maji kidogo. Nilipokuwa shule ya msingi kule Pwani, aliyepatikana akisema Kiswahili siku za Kiingereza alivishwa kibao shingoni, tulichokiita diski, naye alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nia ilikuwa kutufanya tuzungumze Kiingereza. Matokeo yalikuwa kwamba tulinyamaza. Kiswahili kikahamia nyuma ya vyoo na jikoni kwa mpishi, huko ndiko kilikonawiri, nacho Kiingereza chetu kikabaki katika pembe moja kikitetemeka. Wanaochunguza jinsi watu wajifunzavyo lugha ya pili wameeleza kwamba wanafunzi wengi hupitia kipindi cha kimya, wakisikiliza na kuhifadhi, kabla ya kuthubutu kutamka. Mwalimu amwinuaye mtoto wa namna hiyo kila siku mbele ya kadamnasi ili "azoee" hana nia mbaya. Amewasha taa mchana kutwa, basi.

Mwalimu mkuu yule alinisikiliza, nusu akiamini. Wanafunzi wa chama cha sayansi ndio waliofanya kazi: walileta vyungu 12, wakavivunja, wakavipiga msasa kwa zamu, wakavipanga Ijumaa jioni na kuzima taa. Jumatatu aliniarifu kwa simu kwamba sasa tangi lake lilionekana halina samaki hata mmoja. Nikamsihi angoje. Jumatano walikuwa wametoka wanne. Kufikia juma la pili wanane walikuwa wakiogelea huku na huku, na wageni walikuwa wakichelewa kuketi. Wa tisa hakutoka. Walimkuta amekufa ndani ya chungu cha mwisho kule nyuma, akiwa mzima mapezi na magamba. Yamkini alikuwa amedhoofika mno kabla ya stara kumfikia.

Kwangu nyumbani mambo ni tofauti. Yule dume wa buluu bado ni mfalme, lakini ufalme wake sasa ni wa mawe matatu tu. Mwezi uliopita jike mwingine wa manjano aliingia katika kifuu kidogo kilicho pembeni, akakaa humo siku 19, taya limefura. Binti yangu alipiga marufuku mtu yeyote kugonga kioo, mimi nikiwemo. Asubuhi ya ishirini alikuja kuniamsha tena, safari hii kwa kunong'ona. "Baba, njoo polepole." Mlangoni pa kifuu palikuwa na samaki wadogo kama punje za mchele. Alihesabu 14, wakatoka kidogo, wakaona kivuli changu, wakarudi ndani wote. Sasa anadai vifuu vingine vitatu, na mimi sijui nazi hizo zote tutazila na nini.